Nyota za Chumba cha Limi

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hii ni ya watu wa pwani, na sisi wa Kahama, ambao nazi hutufikia zikiwa zimechoshwa na safari ya lori, tungeweza kusema haituhusu. Inatuhusu sana. Koroma ni ile nazi iliyopita udafu bila kufika unazi: maji yake hayana raha na nyama yake haina tui. Mtu akisimama sokoni kutwa nzima, akiitikisa hii na kuigonga ile, mwishowe hugeuka akakuta wenzake wameondoka na nazi njema, yeye amebakiziwa hilo koroma. Ndivyo yalivyomkuta Anisia, mama yake Limi, na lake halikuwa sokoni kwenye nazi bali dukani kwenye taa.

Anisia alikuwa mchambuaji wa mawe katika mwalo mmoja nje kidogo ya mji, pale ambapo mawe ya dhahabu huletwa kutoka mashimoni ili yasagwe na kuoshwa. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya lundo, kuliokota jiwe, kuligeuza juani, kisha kulitupa. Mawe tisa hutupwa, la kumi ndilo huenda kwenye karasha likasagwe. Alikuwa na jicho kali kama la mwewe, na wenye mawe walimgombania. Ubaya ni kwamba jicho hilo halikujua kubaki kazini. Lilimfuata mpaka kwa muuza nyanya, likamfuata mpaka kwa fundi cherehani, na hata wachumba wawili wa maana liliwarudisha walikotoka, mmoja wao kwa sababu tu ya namna alivyokuwa akicheka.

Miaka mitano nyuma, baba yake Limi alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akapotelea huko. Anisia akamwacha mtoto, wakati huo ana miaka miwili, kwa bibi yake kijijini Samuye, naye akaja Kahama kuhangaika. Sasa Limi alikuwa na miaka saba na Januari alipaswa kuanza darasa la kwanza. Anisia alikuwa amekwisha panga vyumba viwili vyenye umeme, akanunua kitanda kidogo na sare ya shule. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya bibi, na bibi Mariana hakuwa mtu wa kutoa kitu bila kukipima.

"Mwangaluka, mayu," Anisia alimsalimu mama yake kwa Kisukuma asubuhi moja kwenye simu.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Najua ulichonipigia. Mimi sikunyimi mwanao. Aje kwako likizo hii. Akilala siku tatu akatulia, abaki asome. Asipotulia, mjomba wake atamrudisha. Mtoto hafungwi kamba kama ndama."

"Nimekubali, mama."

Limi akaipokea simu. "Shikamoo mama. Huko kwenu tutalala nje?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana, mjini tunalala ndani."

"Sasa nyota nitaziona wapi?"

Swali hilo lilimchoma Anisia. Alijua lilikotoka. Huko Samuye, joto linapozidi kabla ya mvua, bibi hutandika mkeka uani akalala na mjukuu wake, akimwonyesha kilimia na nyota nyingine mpaka mtoto apitiwe na usingizi. Hata yeye Anisia alilelewa hivyo hivyo. Akajibu bila kufikiri mara mbili, "Nitakuwekea nyota ndani ya chumba chako. Ukija utazikuta."

Ahadi ni deni, na deni la mtoto halina msamaha. Limi angefika Jumamosi ya wiki inayofuata. Anisia alikuwa na siku kumi.

Jioni hiyo hiyo aliingia kwenye duka la Donatus, muuza vifaa vya umeme, mtu mpole mwenye maneno ya utani. Donatus alimweleza kwamba taa ya nyota haijaribiwi juani, akamwongoza hadi kwenye stoo ya nyuma alikohifadhi magunia ya mchele, akafunga mlango na kumwambia alale chali juu ya magunia atazame dari. Anisia akalala. Donatus akawasha taa ndogo ya duara, ukubwa wa chungwa. Nyota za njano zikatawanyika kwenye mbao za dari, zikatulia tuli. Kwa muda Anisia alisahau mwalo, akasahau kelele za karasha masikioni mwake. Alikuwa mtoto tena uani kwa mama yake.

Kisha jicho lake likaanza kazi.

"Mbona hazitembei?" aliuliza.

"Nyota za kulalia zinatakiwa zitulie, Mama Limi. Mwanga wake wa njano hausumbui macho ya mtoto. Ina betri, umeme ukikatika haizimiki. Na baada ya saa moja inajizima yenyewe."

"Ni chache. Lete nyingine."

Donatus akaleta kisanamu cha mtu aliyevaa mavazi ya kwendea mwezini, ambacho tumboni kilimwaga mawingu ya buluu yenye kupita taratibu. Anisia akauliza kuhusu betri. Hakikuwa na betri. Akaletewa nyingine yenye rimoti na sauti ya mawimbi, akasema wingu lake la zambarau halijapata kuonekana Samuye wala Shinyanga nzima. Ya nne ilikuwa na mwezi, ila mwezi wenyewe ulikuwa umepinda. Akairudia ya kwanza, akaigeuza mkononi, akaiweka.

"Mama Limi," Donatus alicheka, "hizi ni taa, si mawe. Wewe kila ukiokota unatupa."

"Nitarudi," alisema Anisia.

Alirudi kweli, tena mara tatu. Kila aliporudi alilala juu ya magunia, akaisifu ile ndogo ya duara, kisha akauliza kama hakuna iliyoizidi. Akaagiza nyingine kwa simu kutoka Mwanza. Ilipofika kwa basi akaona nyota zake ni kama madoa ya chokaa, akairudisha kwa basi lile lile. Usingizi ulimpaa. Kazini alikuwa akiinuka na kuketi, akiinuka na kuketi, mpaka msimamizi akamkuta ametupa jiwe lenye mshipa wa dhahabu unaoonekana hata kwa macho ya mlevi. Miguu yake haikutulia, mikono haikutulia, na moyo ndio kabisa. Kila alipokaribia kukata shauri, wazo lilimjia kwamba iliyo bora zaidi iko duka linalofuata, na kwamba mama mwema hampi mwanawe kilicho nafuu wakati kilicho bora kipo.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya Limi kufika, hatimaye alikata shauri. Alikwenda kwa Donatus mbio mbio kuichukua ile ndogo ya duara.

"Imeondoka asubuhi," Donatus alisema.

"Kaichukua nani?"

"Mpangaji mwenzako, Mama Davis. Aliingia, akaitazama mara moja, akasema hii inatosha."

"Na ile ya mawingu?"

"Sikukuu ziko karibu, dada. Watu wamenunua. Imebaki hii tu, nayo ni ya ukumbi wa muziki, si ya kulalia mtoto. Ina leza. Usimwache aitazame kwenye tundu."

Anisia akaitazama taa hiyo, kubwa, nyeusi, yenye matundu kama chujio. Ahadi ilikuwa shingoni na kesho ilikuwa kesho. Akainunua.

Mama Davis hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliposikia habari hizo kwa majirani, alivuka ua jioni hiyo akiwa na ile taa ndogo mkononi. "Mama Limi, chukua hii muitumie siku hizi tatu. Davis wangu hana shida, huyo hulala hata kwenye kelele za harusi."

Hapo ndipo shida yote ingeishia, lau Anisia angefumba jicho lake kidogo. Lakini alijisikia aibu, na aibu ikajivika kiburi. "Ahsante, dada. Mwanangu hataanza maisha mapya kwa taa ya kuazima. Halafu nyota zenyewe hazitembei."

Mama Davis alirudi kwake na taa yake.

Limi alifika Jumamosi na mjomba wake Maige, kaka yake Anisia, ambaye alikuwa na shughuli zake za ng'ombe mjini na angekaa kwa rafiki yake hadi Jumanne. Mtoto alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa, na jambo la kwanza alilouliza baada ya shikamoo lilikuwa nyota. Anisia alimkumbatia akahisi mbavu zake ndogo zikipanda na kushuka, akaapa moyoni kwamba mtoto huyu haondoki tena.

Walipokwisha kula, alimlaza kitandani, akazima balbu, akawasha taa. Chumba kikalipuka. Vidoa vyekundu na vya kijani vilikimbia ukutani, vikapanda dari, vikashuka mpaka kwenye shuka, na ndani ya taa kitu kikanguruma, kisha muziki ukaanza. Limi akajifunika khanga kichwa kizima.

"Mama, ni siafu!"

"Si siafu, mwanangu, ni nyota. Ngoja nizipunguze." Anisia akashika rimoti. Akabonyeza, zikaongeza mbio. Akabonyeza tena, muziki ukapanda. Akabonyeza tena, zikawa nyekundu tupu.

"Izime, mama. Njoo ulale na mimi."

"Ngoja kidogo tu. Kuna nzuri humu ndani, naitafuta."

"Njoo ulale, mama."

"Ngoja."

Alibonyeza na kubonyeza, huku mtoto akianza kulia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti, akimwita bibi yake. Anisia alipoizima taa na kupanda kitandani, Limi alikuwa amekwisha geukia ukuta.

Jumapili baada ya misa, mama mwenye busara angekaa na mwanawe. Anisia alimwacha Limi uani akicheza na Davis, akaibeba taa yake kwenda kuibadilisha. Donatus hakuwa na ya kubadilishia. Akamwelekeza kwa mwenzake, mwenzake akamwelekeza kwa mwingine, na kwa kila duka Anisia alipata taa mbili tatu, akazitia kasoro zote. Jua lilipokuchwa alirudi mikono mitupu. Limi hakuwepo chumbani. Alimkuta kwa Mama Davis, kwenye mkeka kando ya Davis, mdomo wazi, usingizi umemchukua mzima mzima, na juu yao nyota za njano zimetulia tuli kwenye dari.

Anisia alimbeba. Walipofika katikati ya ua mtoto akazinduka, akapiga kelele, akaunyoosha mkono kuelekea mlango waliotoka. Mama Davis akasimama kizingitini. Anisia alimrudisha, akamlaza pale pale alipomtoa. Kuna uchungu wa kuzaa, na kuna uchungu wa kumrudisha uliyemzaa kwenye mkeka wa jirani. Huu wa pili alikuwa hajaujua.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akamwacha Limi kwa Mama Davis, akasafiri mpaka Geita kufuata taa aliyoisikia kwa watu. Aliipata. Ilikuwa nzuri mno, ila rangi ya kifuniko haikumpendeza, akasita, na alipokuwa akisita basi la kurudi likakaribia kuondoka, akalipanda bila taa. Alifika nyumbani giza limeingia. Limi alikuwa amekwisha chukua khanga yake mwenyewe na kuvuka ua.

Jumanne asubuhi Maige alikuja. Alikaa kwenye kigoda barazani, akamwita mpwa wake, akamshika mabega.

"Haya, Limi. Bibi ameniagiza nikuulize. Umelala vizuri hapa?"

"Nimelala vizuri, mjomba."

Moyo wa Anisia uliruka kwa furaha.

"Umemlilia bibi?"

"Siku ya kwanza tu."

"Kisha ukazoea?"

"Kisha nikahamia kwa mama yake Davis. Taa yake ina nyota." Mtoto hakuwa na hila, alisema kama anavyosema mtoto. "Mama yeye alikuwa anatafuta."

"Alikuwa anatafuta nini?"

Limi akageuka akamtazama mama yake, kana kwamba angependa kusaidiwa jibu. Akamgeukia tena mjomba.

"Sijui," alisema. "Anatafuta tu."

Anisia alipiga magoti mbele ya kaka yake, akamwomba siku moja, moja tu, akaapa kwamba hatatoka, kwamba atalala naye gizani, kwamba hahitaji taa yoyote. Maige alimwinua kwa upole. "Dada yangu, mama alisema tatu. Nami nimetumwa, sikujituma. Mwache akasome Samuye mwaka ujao. Ukitulia, utakuja kumwomba tena."

Limi aliaga vizuri, kama alivyofundishwa. Alimshika Davis mkono, akamshukuru Mama Davis, kisha akamwambia mama yake, "Kwaheri mama, tutaonana," akapanda basi na mjomba wake, akaketi dirishani.

Basi la Shinyanga liliondoka. Anisia alisimama stendi akilia mbele za watu bila kujifuta. Taa njema ililetwa mkononi mwake mara nne akaikataa, jirani akamletea mpaka mlangoni akaikataa, na mwanawe mwenyewe alimwita kitandani mara mbili akamwambia ngoja. Hakuna aliyemnyima kitu. Nyumbani lilikuwa linamsubiri jitaa jeusi la ukumbini na kitanda kidogo kisicho na mtu. Hakika, mchagua nazi hupata koroma.