Waliosimama Nje ya Karatasi

Ramani humfaa ajuaye aliposimama.

Katika kijiji hiki hakuna anayeisoma ramani kunishinda mimi. Waliokuwa wakinishinda walikuwa wawili: mmoja amekufa, mwingine amehama. Na juma lililopita nilipotea nikitafuta mlango wa kutokea zahanati. Lakini niliyebaki ni mimi, basi nisikilizeni mimi.

Jana, Namsi na Kiondo, babu yenu aliwazungusha mlimani tangu mchana mpaka miguu ikawaka moto, eti anaijua njia ya mkato. Mliporudi nilimtupia methali hiyo, naye akajifanya anakohoa. Mmeniuliza imetoka wapi. Imetoka kwenye posa yangu, wajukuu zangu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule lilikuwa elimu. Mwalimu alitufundisha jambo moja nikalipenda kuliko uji wa shule: nyoosha mkono wako wa kulia kulikochomoza jua, na uso wako utakuwa unatazama kaskazini. Basi kijana mmoja wa ng'ambo ya mlima, Mbonea, alipotaka kuleta posa, nami nilitaka ailete hata kesho, nilimchorea ramani ya kufika kwetu. Sikuweka herufi hata moja, maana mshenga wake hakusoma. Jiwe la Nyuki, lililo kando ya njia kuu, nililichora duara. Kijito kikawa mstari wa kujipinda, nyumba yetu mraba, na pembeni nikaweka mshale wa kaskazini. Mbonea akanijibu kwa barua: "Usiwe na wasiwasi. Ramani kwangu ni kama kiganja cha mkono."

Sasa, kwetu zamani watu wa posa hawakuulizia njia. Ukiuliza, wazee watasema: hawa hata nyumba ya binti hawaijui, siku akiugua watatupataje? Tena kibuyu cha pombe ya miwa kilipaswa kufika kabla ya jua la utosi. Kisipofika, posa imekufa. Na baba alikuwa na mtu mwingine wa kumkaribisha, mwenye baiskeli na meno mengi.

Siku ya posa baba alikaa uani akitazama nguzo ya ghala. "Kivuli kikifika mguuni pa nguzo," akasema, "namwita mwenye baiskeli."

Mimi nilikuwa jikoni. Sufuria moja niliisugua mara tano.

Huku nyuma, Mbonea alikuwa anatangulia na ramani, mshenga anafuata, na shangazi yake Nakijwa amebeba kibuyu. Walikuja kutoka magharibi wakipiga soga, wakalipita Jiwe la Nyuki bila kuliona. Wakafika kwenye jiwe jingine kubwa, Jiwe la Mwewe. Mbonea akalipiga kofi. "Hili hapa!" Wakageuka kaskazini kama nilivyochora. Wakavuka kijito, maana milimani kwetu vijito havikosekani. Wakakuta nyumba, wakabisha hodi, mshenga akaanza kumsifu binti.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, peke yake na mbuzi wake.

"Binti yupi?" akauliza. "Humu wa kike ni mimi na hawa mbuzi. Mnamtaka nani kati yetu?"

Mbonea akaigeuza ramani, akaigeuza tena. "Huyu msichana amekosea kuchora."

"Mwanangu," akasema Shangazi Nakijwa, "hapa tulipo ni wapi?"

"Ramani inasema..."

"Siiulizi ramani. Nakuuliza wewe."

"Shangazi, usiulize mbele za watu, utatuaibisha!"

"Aibu ni kurudi na kibuyu kimejaa." Akamgeukia yule mjane. "Dada yangu, tumepotea. Hapa ni wapi?"

Mjane akacheka mpaka mbuzi wakasimama. "Mmelipita Jiwe la Nyuki. Liko huko mlikotoka, magharibi. Mmepandia kwenye Jiwe la Mwewe."

Shangazi akaitandaza ramani chini. "Nyoosha mkono wa kulia kulikochomoza jua. Haya, huko unakotazama ndiko uelekeze mshale. Sasa weka kokoto hapa tuliposimama."

Mbonea akaishika kokoto, akatafuta mahali pa kuiweka. Hakukuwa na mahali. Ilibidi aiweke kwenye vumbi, shubiri nzima nje ya karatasi.

Hapo akaikunja ramani. Wakakata kuelekea magharibi, mbio, Shangazi amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga.

Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa kidole nilipowasikia wakihema getini. Nilidondosha sufuria. Baba akauliza, "Mbona mmechelewa, na binti aliwapa ramani?"

Shangazi Nakijwa akampa kibuyu kwanza, ndipo akajibu: "Shemeji, ramani humfaa ajuaye aliposimama."

Baba alicheka sana, akairudia kauli hiyo kila alikokwenda. Ndivyo maneno yale yalivyokuwa ya kijiji kizima.

Ah, babu yenu huyo mlangoni! Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Bibi yenu anatia chumvi," anasema. "Mimi nilijua muda wote tulipokuwa. Nilinyamaza kwa heshima ya shangazi."

Vizuri, mume wangu. Namsi, niletee ile karatasi iliyo ndani ya kikapu changu. Ndiyo, ninayo mpaka leo. Haya, Mbonea, waonyeshe wajukuu Jiwe la Nyuki.

Mtazameni anavyovaa miwani. Mtazameni kidole kinavyoshuka bila hata kutetemeka.

"Hili hapa," anasema. "Duara lenyewe. Nitalisahauje?"

Mume wangu mpenzi, hilo ni doa la mchuzi wa maharage. Nililidondosha juzi. Na karatasi umeishika juu chini.

Semeni nyote, wajukuu zangu, na babu naye aseme: ramani humfaa ajuaye aliposimama.