Ufundi Ndani ya Kasha la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kizimbwe, palikuwa na mtu akiitwa Pandu. Hakuwa na shamba wala mtumbwi, na nguo yake ilikuwa moja, akiifua hujifungia ndani mpaka ikauke. Watu wa mji walimwita juha, naye hakuwakatalia, kwa maana aliona kwamba juha husamehewa maneno ambayo mwenye akili hufungwa kwayo. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, Bi Mize, mjane aliyejua kusuka ukili, ule utepe wa majani ya ukindu, kuliko wanawake wote wa mji ule, akaushona ukili huo ukawa mikeka, na mikeka hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Na watu wa Kizimbwe walikuwa na mila yao. Kila ilipofika sikukuu ya Mwaka, wanaume wakiisha kuchapana kwa magomba ya migomba mpaka hasira zao za mwaka mzima zikaisha, kila nyumba ilitandika mkeka mpya mlangoni na kupakua chakula, na mpita njia yeyote alikaribishwa kula. Ilikuwa aibu kubwa kumkalisha mgeni juu ya mkeka wa mwaka jana. Kwa ajili hiyo wanawake walisuka mwaka wote, na wasichana wakajifunza kwa kutazama, na hapana aliyekumbuka lini jambo hilo lilianza.

Basi Sultani wa mji, jina lake Zubeiri, alisafiri kwenda kumzuru sultani mwenzake, akaoneshwa nyumba iliyojaa vitu vya kale, akarudi kwake na wivu uliomkosesha hamu ya kula. Akamwita waziri wake, Nassibu, akamwuliza, "Waziri, mila yetu sisi iko wapi?"

Waziri akajibu, "Bwana wangu, watu wameikalia."

Sultani akaghadhibika. "Mila ya wazee wetu imo chini ya makalio ya watu, nawe umenyamaza?"

Siku ile ile ikapigwa mbiu. Mikeka yote mizuri ikachukuliwa majumbani, na ukindu wote wa porini ukawa mali ya Sultani, asiukate mtu, asije akasuka mkeka mpya ukaishushia hadhi ile ya asili. Ikajengwa nyumba ya mawe, ikaitwa Nyumba ya Kuhifadhi Mila. Siku ya kuifungua, Waziri Nassibu alihutubu tangu asubuhi mpaka jua la utosi juu ya utukufu wa kazi za mikono, na wale wanawake waliosuka ile mikeka wakamsikiliza wakiwa nje, juani, kwa sababu ndani palikuwa pa wageni wa heshima.

Ikawa nyumbani kwa Bi Mize jiko limepoa. Akakaa kizingitini akijisugua vidole, akamwambia Pandu, "Mwanangu, tangu kupata akili zangu sijakaa bila ya ukili mkononi. Na wale wasichana waliokuwa wakija kujifunza hawaji tena, waje kujifunza nini? Mwaka huu mgeni atakula kasimama. Miaka michache ikipita, hatakuwapo anayejua ukili huanzwaje."

Pandu alitoka akenda moja kwa moja mpaka ile nyumba ya mawe, akamkuta bawabu amesinzia, akaingia. Akatafuta katika mirundo mpaka akauona mkeka wa shangazi yake, akautambua kwa mshono wake, akautandika, akajilaza, usingizi ukamchukua. Wakamkuta hapo akikoroma, wakampeleka barazani kwa Sultani.

Sultani akamtazama kwa hasira, akasema, "Ewe juha, umethubutu kulalia mila ya wazee wako?"

Pandu akainama akasema, "Bwana wangu, Mungu akuweke. Wazee wangu ndio walioanza kuilalia. Mimi nimeendeleza walipoishia."

Watu wa baraza wakainamisha vichwa, kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama sakafuni. Pandu akaendelea, "Tena si mimi peke yangu, Bwana wangu. Nimewakuta mchwa humo wanaila, na sikusikia kwamba wameshitakiwa."

Sultani akatuma watu wakatazame. Wakarudi wakasema ni kweli, mirundo ya chini imeliwa na ya juu imeota ukungu, kwani mkeka usiokaliwa wala kuanikwa huoza upesi. Sultani akaona haya, na haya ya mtu mkubwa hugeuka hasira mara moja. Waziri Nassibu alipoona macho ya bwana wake yanamwelekea, alijitoa kwa maneno. "Bwana wangu, mkeka huoza. Kisichooza ni ufundi. Tulikosea kuhifadhi mikeka, ilitupasa tuuhifadhi ufundi wenyewe."

Neno hilo likampendeza Sultani. Akasema, "Naam, ufundi wenyewe. Na wewe Pandu, kwa kuwa mdomo wako ni mwepesi, ndiwe utakayeuleta. Niletee ufundi wa kusuka, si mkeka wala kipande cha ukili, ufundi wenyewe, uutie ndani ya lile kasha langu la njumu kabla ya Mwaka kuingia. Ukishindwa, utauhama mji huu, wewe na shangazi yako."

Pandu akaingiwa na hofu, si kwa ajili yake, kwa maana yeye hata porini angelala, ila kwa ajili ya shangazi yake. Lakini akajikaza akauliza, "Bwana wangu, na ufundi ukiisha kuingia kashani, nani ataulisha? Nimesikia ni kitu chenye njaa."

Sultani akacheka, akaona juha ni juha. "Kila utakachohitaji ufundi huo ili usife kitatoka katika nyumba yangu. Kadhi ni shahidi."

Kadhi wa mji, aliyekuwa ameketi barazani, akasema, "Nimeshuhudia."

Pandu akarudi kwa shangazi yake akamweleza yote, akamwambia, "Shangazi, nimekuponza."

Bi Mize akauliza, "Hilo kasha lina upana gani?"

"Mtu hukaa akakunja miguu."

"Basi nitakwenda. Lakini waniwekee kigoda nipande. Sitaki kubebwa kama gunia."

Asubuhi baraza likajaa, wengine wamekuja kushuhudia Pandu akifukuzwa. Kasha likaletwa, kubwa, limepambwa njumu za shaba, na kifuniko chake kikafunuliwa. Bi Mize akaingia na buibui lake kuukuu, akapanda kigoda, akaketi ndani ya kasha kama aketivyo kwake, akatoa mikono yake juu ya ukingo. Pandu akasema, "Bwana wangu, ufundi huu hapa."

"Mimi naona bibi kizee," akasema Sultani.

"Bibi kizee ni mfuko, Bwana wangu. Ufundi umo ndani yake. Kama yuko hapa barazani awezaye kuutoa, na autoe, nami nitauweka kashani peke yake, shangazi yangu arudi nyumbani."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Kadhi. Kadhi, aliyekuwa mtu wa haki siku zile ambazo haki haikumgharimu kitu, akasema, "Bwana wangu, sharti limetimia. Sasa imebaki ahadi yako."

Basi Bi Mize akahifadhiwa katika nyumba ya Sultani. Kwanza akaomba ukindu mbichi, na ikambidi Sultani afungue pori alilolifunga. Kisha akaomba sufuria za kuchemshia rangi, zikatoka jikoni kwa Sultani, na siku hiyo mchuzi wa nyumba ya kifalme ukapikwa katika kijungu kimoja. Baadaye akaacha kusuka. Pandu akaenda barazani akasema, "Bwana wangu, ufundi unaugua. Mikono ya shangazi yangu haiendi mdomo ukiwa umefungwa. Anataka wenzake wa kuzungumza nao."

Wanawake wa mtaa wakaja, nao walikuja na njaa yao. Wakatandaza kazi yao ukumbini, wakasuka, wakaimba, na nyimbo zao zilikuwa zile za Mwaka, ambazo tangu zamani huruhusiwa kumsema yeyote bila ya kumtaja jina. Waziri Nassibu akisikia wimbo wa kasuku aliyehubiri mpaka jua la utosi, alijua kasuku ni nani, na hakuweza kulalamika bila ya kukiri.

Sultani akamwita Pandu akasema kwa upole, "Sasa ufundi umepona?"

"Umepona, Bwana wangu, lakini ni mzee. Malaika wa mauti hazuiwi na njumu za shaba. Ufundi unataka wasichana wa kurithi."

Wasichana wakaja kwa makundi, na nyumba ya Sultani ikawa haina pa kuweka mguu. Alikanyaga ukindu akitoka kuoga, akakuta rangi nyekundu katika birika la kutawadhia, na chakula chake kilimfikia kikiwa nusu, kwani kilipita ukumbini kwanza. Hata mkewe alihamia huko, akaonekana anajifunza kuanza ukili, anafumua na kuanza tena, na alipoitwa alijibu kwamba anahifadhi mila.

Ilipobaki siku moja Mwaka uingie, Sultani akachoka. Akasimama katikati ya ukumbi akasema, "Pandu, utoe ufundi huu nyumbani kwangu. Urudishe ulikokuwa."

Pandu akasema, "Nimesikia na kutii. Lakini ulikokuwa, Bwana wangu, watu walikata ukindu bila ya kuuliza, na mikeka haikuchukuliwa milangoni. Nikiurudisha pengine itakuwa nimekuasi."

Wasichana wakaacha kusuka. Sultani akaona amefika mahali ambapo kila neno lake lingemgharimu, akachagua lililokuwa dogo. Akasema, "Uwe kama ulivyokuwa. Mbiu ipigwe jioni hii."

Siku ya Mwaka kila mlango wa Kizimbwe ulikuwa na mkeka mpya, kwa maana wanawake walikuwa wamesuka mingi kwa ukindu wa Sultani na chakula cha Sultani. Naye Sultani, kwa kuwa jikoni kwake hakukubaki kitu, alitoka na waziri wake wakapita mitaani, wakafika mlangoni kwa Bi Mize. Pandu akawakaribisha. Sultani akavua viatu, akaketi, akala wali na samaki kwa mkono wake, akala tena. Akapapasa ule mkeka chini yake, akageuka kusema jambo la kifalme juu ya kazi ile.

Wakati huo akapita mchuuzi wa kuni kutoka shamba, mtu asiyejulikana na yeyote, na Bi Mize akamwita naye aje kula. Kisha akamgusa Sultani begani, akasema, "Sogea kidogo, baba, kuna mgeni."

Waziri Nassibu akaacha tonge mkononi. Sultani mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasogea, na yule mchuuzi wa kuni akaketi.

Hekaya imekaa hapo ilipokaa, nasi tuliosimama kuisikiliza tumekwisha kuipata.