Nguzo ya Jiko na Upinde wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Kikunguni, ambao leo hata kisima chake hakijulikani kilipokuwa, alitawala Sultani Haidari, mtu mwema kwa kiasi chake, mwenye kupenda pilau na sifa. Marehemu baba yake alimwachia kiti, ng'ombe wengi, na upinde mmoja mrefu mweusi, ambao kila sultani wa mji ule huushika mkononi siku ya kutawazwa. Watu wa Kikunguni waliamini kwamba siku upinde ule utakapovunjika, na utawala wa ukoo ule utakuwa umekwisha.

Basi ikawa siku ya harusi ya binti yake, Sultani akataka kuwaonyesha wageni nguvu za nasaba yake. Akauteremsha upinde ukutani, akauvuta mbele ya watu wote, na ugwe, ile kamba yake, ukafika kifuani ukagoma. Akavuta tena kwa hasira, kilemba kikamwanguka. Hapo mchukuzi mmoja aliyeleta kuni za shughuli akaomba ruhusa ya kujaribu, akaupokea, akauvuta mpaka sikioni, na muwa aliokuwa akiutafuna haukumtoka kinywani. Wageni wakainama wote kwa pamoja, wakajifanya wanatafuta viatu vyao.

Kulipopambazuka mpiga mbiu akapita mitaani. "Sikieni, enyi watu wa Kikunguni! Mkono wowote utakaoonekana juu ya ugwe wa upinde uliovutwa, usipokuwa mkono wa Sultani wetu, utakatwa kidole gumba!" Ama ule upinde wenyewe, Sultani alisema kwamba ni mgonjwa, akaupeleka kwa Fundi Mbaruku, mchonga pinde wa mji, auponye.

Sasa mchonga pinde hana budi kuuvuta upinde ili auone unavyopinda, upande huu na upande ule. Asipouvuta atakuwa kama mpishi asiyeonja mchuzi. Mbaruku alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mtu wa kusikiliza mbiu. Akauvuta. Askari akapita, akamwona, naye akamchukua. Hukumu ikatoka kwamba gumba lake litakatwa Ijumaa baada ya sala, na mchonga pinde asiye na gumba afadhali hata kipofu, maana kipofu hupewa sadaka.

Mbaruku alikuwa na binti aitwaye Mwanatenga, na Mwanatenga alikuwa na mume aitwaye Ngwali. Huyu Ngwali hakuwa na kitu. Watu walimwita mjinga kwa sababu kila neno alilifuata kama lilivyosemwa. Jirani alipomwambia, "Nitazamie mbuzi wangu," alikaa akamtazama mbuzi akila mahindi ya jirani yote, akamwelezea baadaye jinsi alivyokula. Ngwali mwenyewe hakukana kuwa mjinga, kwani jina hilo lilimwepusha na vikao vingi.

Mwanatenga akalia kutwa nzima. Alimpenda baba yake, tena alijua kwamba nyumba yao haikupata kushiba ila kwa mikono ya mzee yule. "Mume wangu," akasema, "wewe huna mali wala huna cheo. Lakini mdomo unao. Nenda."

Basi Ngwali akaenda barazani, akapiga magoti.

"Salamu zangu kwako, Maulana. Mimi ni Ngwali, mkwewe Mbaruku, na sina kazi."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuuliza. Mkwe wangu aliamriwa auponye upinde, akakatazwa kuuvuta. Angeuponyaje?"

Sultani akaona uchungu, maana jambo hilo hakulifikiri hata kidogo, na waziri wake alikuwa anamtazama. Akasema, "Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Nawe kwa kuwa umeuliza, utajibu mwenyewe. Ulete upinde wa baba yangu hapa mbele ya kiti changu, uvutwe hata kipimo cha sikio, nami niuone umepinda sawasawa, wala usivutwe na mkono wa mtu. Ukiweza, Mbaruku atatoka na gumba lake. Usipoweza, na lako litakatwa."

"Usivutwe na mkono wa mtu?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Na ukisha kuvutwa, ugwe usiguswe?"

"Amri unaijua, ewe Ngwali."

"Mimi naijua, Maulana. Nilitaka kuwa na hakika kwamba nawe unaijua." Watu barazani wakashikwa na kikohozi.

Ngwali akarudi nyumbani, akauzunguka uwanja wake wote, asione mti wa kumfaa isipokuwa nguzo moja ya mkoko iliyoshikilia banda la jiko. Akaing'oa. Mwanatenga akatoka na mwiko mkononi. "Ngwali! Na hilo jiko litaegemea wapi?" Akamjibu, "Kwa jirani. Nimeuuliza ukuta wake kama una kazi, haukusema neno." Mwanatenga alitaka kukasirika, akamkumbuka baba yake, akaenda kumshikia nguzo.

Kwa panga akaichonga upande mmoja ukawa bapa, na kwa tezo akaulainisha. Juu kichwani akachimba kikao, mahali pa kulala kiuno cha upinde. Kisha akachukua patasi ya mkwewe, akachonga mapengo kwenye ule upande bapa, moja chini ya jingine, yaliyoinama kama meno ya msumeno, ili ugwe unaoshuka uteleze juu yake, na unaopanda unaswe. Pengo la mwisho akaliweka kwa kipimo cha mtu avutaye mpaka sikioni. Hiyo ndiyo kazi yote, na ukiitazama utasema ni nguzo iliyoliwa na panya wenye adabu.

Siku ya Ijumaa asubuhi akaichimbia nguzo mbele ya kiti cha Sultani. Upinde ukaletwa, Ngwali akaulaza kikaoni akaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi. Kabla haujavutwa akafunga kamba nyingine katikati ya ugwe, na chini ya kamba hiyo akaning'iniza kapu la mkewe la sokoni. Kisha akaanza kutia mawe ndani ya kapu, akiyaweka taratibu kama mtu awekaye mayai.

Jiwe likaingia, ugwe ukashuka pengo moja. Mawe yakaongezwa, ukashuka tena, na mikono ya upinde ikajikunja chini pande zote mbili, sawasawa, bila kilema. Ulipolifikia pengo la mwisho Ngwali akatoa mawe. Ugwe ukapanda kidogo, ukanasa. Akatoa kisu akaikata ile kamba ya kapu karibu na ugwe, ugwe wenyewe hakuugusa, akampelekea mkewe kapu lake.

Upinde ukakaa pale, umevutwa mpaka sikioni, na mtu hayupo.

Baraza zima likapiga kelele. Sultani, kwa kuwa ahadi aliitoa mbele ya watu, akaamuru Mbaruku aletwe na afunguliwe. Mzee akaja akisugua viganja vyake, akamtazama mkwewe, machozi yakamtoka, wala hakuona haya.

"Vema," akasema Sultani. "Sasa uteremshe."

"Maulana," akasema Ngwali, "sikuambiwa kuuteremsha."

Mara upinde ukalia, krrr, sauti nyembamba ya mti mkavu unaochoka. Mbaruku akageuka upesi. "Maulana, upinde haulazwi umevutwa. Ukikaa hivyo utapasuka."

Sultani akasimama. "Uteremsheni! Upesi!"

Waziri akasema, "Turudishe mawe." Askari mmoja akaokota kamba, akaenda mpaka kwenye nguzo, akaona kwamba hapana pa kuifunga ila kwenye ugwe. Akavitazama vidole gumba vyake, cha kulia kisha cha kushoto, akairudisha kamba alipoitoa.

"Ukateni ugwe!" akasema waziri.

"Ukikatwa ghafula utavunjika vipande viwili," akasema Mbaruku. "Ugwe huvutwa kidogo chini, ukatolewa penye pengo, kisha ukarudishwa juu polepole. Ni kazi ya mkono."

"Basi fanya wewe, wewe ndiwe fundi!"

Mbaruku akaificha mikono yake nyuma. "Unisamehe, Maulana. Gumba hili nimerudishiwa sasa hivi tu."

Upinde ukalia tena, safari hii kwa nguvu. Katika mji mzima ulikuwapo mkono mmoja tu uliohalalishiwa ugwe ule, na kila mtu akautazama. Sultani Haidari akavua joho, akashuka kitini, akaushika ugwe wa baba yake akauvuta chini. Haukutikisika. Akaushika kwa mikono miwili, uso ukamwiva, kilemba kikaanguka kama siku ile ya harusi. Wala hapakuwa na viatu karibu vya mtu kujifanya anatafuta.

Akauachia, akasimama kitambo, amechoka, na wale waliokuwa karibu walimwonea huruma kwelikweli. "Mpiga mbiu," akasema kwa sauti ndogo, "nenda kawaambie watu amri ile imekufa. Nenda mbio. Mbaruku, usimngoje."

Mbaruku akaja, akaweka goti kwenye nguzo, akavuta, akautoa ugwe pengoni na kuurudisha juu taratibu kama mtu amlazaye mtoto. Upinde ukanyamaza. Watu wote wakapumua.

Sultani akaketi chini pale pale, kando ya nguzo. "Mbaruku, niambie kweli. Upinde huu ni mgonjwa?"

Mzee akamtazama mkwewe. Ngwali akasema, "Ni mzima, Maulana. Ila ulichongwa kwa kipimo cha mkono wa marehemu, na wa kwako haukuulizwa na mtu. Mwache mkwe wangu akuchongee mwingine. Nguzo ndiyo itakayopima, nayo haina maneno."

Sultani akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na baraza lote likamfuata. "Ewe Ngwali, taka utakalo."

"Nataka nguzo ya jiko langu, Maulana."

"Hiyo haitoki hapa. Nina haja nayo."

Basi ikawa badala ya nguzo, waashi wa Sultani wakamjengea Ngwali jiko la mawe, kubwa kuliko nyumba yenyewe, na yeye na Mwanatenga wakahamia jikoni. Naye Mbaruku akachonga upinde mpya barazani, akipunguza mti kidogo kidogo na kuurudisha kwenye nguzo. Harusi ya binti wa pili ilipofika, Sultani Haidari akauvuta mbele ya wageni mpaka sikioni, na kilemba hakikuanguka. Mgeni mmoja akamwuliza Ngwali kama upinde ule ni mgumu. Ngwali akasema, "Mimi ni mjinga, bwana wangu. Kaiulize nguzo." Na mzee Mbaruku, aliyeketi karibu, akapiga makofi kuliko watu wote, kwa vidole vyake vyote.