Karatasi Inayoachia

Wapendwa, niazimeni masikio. Kulikuwa na fundi redio mmoja, binti yake alikuwa aolewe kesho yake, na amplifaya ya kanisani ikafa. Kibao chake cha ndani kimeungua, kwisha! Fundi akasema nitakitengeneza kipya mwenyewe, maana mama yake mzazi masikio yamechoka, na yule bikizee alikuwa na ombi moja tu: amsikie mjukuu wake akisema "nakubali".

Sasa, vibao vya kutengeneza nyumbani vina utaratibu wake. Unachapa mchoro wa njia za umeme kwa printa ya wino wa unga, unailaza karatasi juu ya kibao cha shaba, unapiga pasi ya moto. Wino ukishika shaba unaloweka majini, karatasi inatoka, mchoro unabaki. Kisha unakitia kwenye dawa inayokula shaba isiyofunikwa na wino, zinabaki njia tu.

Fundi akawaza, kazi ya harusi, tena ya kanisani, niiwekee karatasi ya hivi hivi? Akachukua iliyobaki ya kadi za mwaliko, nene, ya heshima. Akapiga pasi mpaka jasho likamtoka. Akaloweka, akabandua. Mungu wangu! Nusu ya mchoro imeondoka na karatasi. Akarudia, vile vile. Akakaa chini, mnyonge.

Mkewe akainua sahani kabatini, akavuta ukurasa wa jarida la kung'aa aliokuwa ametandika. Una picha ya jamaa mnene anatangaza magodoro.

"Baba watoto, jaribu hii. Mimi chai ikimwagikia hapa nafuta tu, haiingii ndani."

"Mama watoto, nichape kazi ya kanisa juu ya kitambi cha mtu?"

"Kitambi kitaoshwa. We chapa!"

Akachapa, akapiga pasi, akaloweka. Karatasi ikalainika, ikatoka kama ganda la kiazi kilichoiva. Njia zote zimebaki kwenye shaba! Wakashangilia mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Usiku huo huo fundi akakimalizia kibao, amplifaya ikafufuka, na kesho yake bikizee akaisikia "nakubali", akapiga kigelegele hadi mchungaji akasahau alipofikia.

Najua mnachowaza. Mnasema leo tunafundishwa unyenyekevu, karatasi duni imeishinda ya heshima. Hapana! Ile ya kadi ilipokea mchoro wote, tena ukapendeza kuliko ule wa kwenye kitambi. Basi kosa lake nini? Iliung'ang'ania.

Na sisi, hatujapokea? Nani hapa hajaombewa? Nani hajasamehewa, hajachekeshwa siku ya msiba wake? Tumepokea sana! Lakini tulijidhania sisi ndio shaba, kwamba mambo mazuri yakifika kwetu yamefika mwisho wa safari. Wapendwa, sisi ni karatasi. Tumeandikwa ili mwingine abaki na maandishi.

Haya, geuka umtazame aliyekaa kando yako. Mwambie lile neno zuri unalomwekea tangu mwaka jana. Sasa hivi. Mimi nasubiri.