Mti wa Nyumba ya Somoe

Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mmeisikia kwa shangazi yenu hivi punde, alipompokonya mdogo wenu kile kisu na mama yenu akataka kumrudishia, eti mtoto analia. Mkacheka. Sasa mmenijia mbio, Bibi, Bibi, imetoka wapi hiyo. Imetoka kwenye machozi, wajukuu zangu, tena ya mtu mzima. Kaeni chini niwaambie, na wewe Mbwana toa mkono kwenye karanga zangu. Ilianzia mtoni, na ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji kando ya mto mpana, mto wenye mamba wengi kuliko samaki, kama walivyosema wenyewe. Watu wangefanyaje? Maji ni hayo hayo, ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga. Basi wakajenga ugo ndani ya mto. Walipigilia miti minene kama mkono wa mwanamume, mmoja ubavuni mwa mwenzake, ikaanzia ukingoni, ikazunguka majini na kurudi ukingoni. Ndani ya ugo huo wanawake waliteka maji na watoto wakaoga. Mamba alibaki nje, akitazama tu.

Kila nyumba ilikuwa na mti wake katika ugo ule, umechongwa alama ya nyumba. Mti ukilegea, wenyewe huupigilia upya kwa gongo zito lililokuwa likikaa pale ukingoni. Na sheria ilikuwa moja tu: aliyeung'oa ndiye aurudishaye, hata akiwa mtoto. Mama aliruhusiwa kumshikia mti usimame, lakini gongo aliinua mtoto mwenyewe. Mlio wa gongo ulisikika kijiji kizima, na kila mtu alijua kuna mmoja amekosa na sasa anatengeneza. Aibu ilikuwepo, siwafichi. Lakini ilikwisha pale pale mti uliposimama, na hakuna aliyekutaja tena.

Kisha kila asubuhi, kabla watoto hawajaruhusiwa majini, Bi Nangoma aliita nyumba moja moja. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyekabidhiwa ugo. Mwenye nyumba aliingia, akaushika mti wake kwa mikono miwili, akautikisa, akajibu neno moja: umekaa. Basi, limekwisha. Hakuna aliyekwenda kuutikisa mti wa mwenzake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumwambia jirani usoni kuwa ni mwongo. Watu wale walikuwa wakiingiza watoto wao mtoni kwa kuamini neno la jirani. Sijui kama sisi wa leo tungethubutu.

Katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke jina lake Somoe. Alizaa na kuzika, akazaa tena akazika, hata alipopata binti akaishi, akamwita Sikudhani, yaani sikudhani kama nami nitaitwa mama. Mumewe naye akafa mtoto angali anatambaa. Wakabaki wawili, mama na mwana. Haya, nani kati yenu atamlaumu kwa kumpenda? Mimi simlaumu.

Tatizo lilikuwa kilio. Sikudhani alikuwa mmoja wa wale watoto wanaolia hadi wanakauka. Mnawajua. Anafungua mdomo, sauti haitoki, uso unabadilika rangi, na wewe mzazi roho inakuruka. Mara ya kwanza ilipotokea, Somoe alidhani naye anakwenda walikokwenda wenzake. Tangu siku hiyo hakutaka tena kukiona kilio kile. Mtoto akichukua kibuyu cha mwenzake na kukataa kukirudisha, Somoe alikwenda kulipa kibuyu kingine. Akimtukana mtu mzima, Somoe ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Sikudhani akajua mapema kabisa kwamba mdomo wake ukianza kutetemeka tu, mama hulainika kama ugali wa maji.

Akakua hivyo. Akafika umri wa kutumwa kuni na kuchunga kuku, na bado anadekezwa.

Sasa basi, kiangazi kimoja mto ulipungua na tope la pembeni likalegea. Sikudhani alikuwa akijenga kijumba cha kuchezea mama na baba nyuma ya nyumba yao, akakosa nguzo. Nguzo aliyoitaka akaiona mtoni. Kwa siku kadhaa akawa akiusukasuka mti wa nyumba yao kila akienda kuoga, kidogo kidogo mama asihisi asubuhi, hata mchana mmoja, watu wakiwa mashambani, ukatoka. Akauburuta mpaka nyumbani.

Somoe aliporudi shambani aliukuta umesimama katikati ya kijumba, alama ya nyumba yake inamtazama. Akamwambia mwanawe waurudishe upesi kabla watu hawajarudi. Sikudhani akasema nguzo ni yake. Somoe akashika mti, akauvuta. Mtoto akafungua mdomo, sauti haikutoka, na uso ukaanza kubadilika.

Akauachia.

Mkisikia mpaka hapa mnadhani kosa lake ni kuuachia. Sivyo, ngojeni. Somoe alitoka akakata mnyonyo. Mnaujua mnyonyo, mti mwepesi, ndani mtupu. Akauchonga alama ya nyumba yake, akaupaka tope uonekane wa zamani, akaenda nao mtoni jua likiwa kali na ukingoni hakuna mtu. Gongo lilikuwa pale. Hakuligusa, kwa sababu gongo lingesema. Akaudidimiza mnyonyo kwa mikono, akaufunga kwa kamba kwenye miti ya jirani, akarudi. Njiani akajiambia ni kwa siku moja tu, mtoto akishatulia nguzo itarudi mahali pake. La kuvunda halina ubani, lakini nenda kamwambie mtu aliyeshikwa na hofu.

Jioni alijaribu tena. Alimkalisha mwanawe, akamweleza kwa upole kuhusu mamba, kuhusu watoto wa watu, kuhusu sheria ya ugo. Sikudhani alisikiliza vizuri, kisha mdomo ukaanza kutetemeka. Somoe akasema haya, yaishe, tulale. Yeye hakulala.

Asubuhi wote wakawa mtoni. Palikuwa na harusi siku ile, kwa hiyo wasichana walikuja wengi kuoga, wanasukumana na kucheka, na mbele yao alikuwa Tausi, mjukuu wa Bi Nangoma, rika moja na Sikudhani na shoga yake wa kila siku. Bi Nangoma akaanza kuita. Nyumba ya kwanza, umekaa. Ya pili, umekaa. Somoe alikuwa akiomba moyoni zamu yake isifike, nayo ikawa inakaribia.

"Nyumba ya Somoe," akaita Bi Nangoma.

Somoe akaingia majini. Akaweka mikono juu ya mnyonyo na hakuutikisa, maana maji yenyewe yalikuwa yakiutikisa. Neno lilikuwa mdomoni. Angesema tu, mama, mti wetu umeng'olewa, lingeletwa gongo, mtoto angepigilia, angelia, na harusi ingeendelea. Akageuka akamtazama mwanawe. Sikudhani alikuwa amesimama ukingoni, kifua kimeshajaa pumzi, mdomo unatetemeka.

"Nyumba ya Somoe. Mti wako vipi?"

"Umekaa," akasema Somoe.

Bi Nangoma akapita kwenye nyumba iliyofuata.

Wasichana wakaingia. Somoe alitoka akasimama ukingoni, ndoo mkononi, hateki wala haondoki. Macho yake hayakutoka kwenye mnyonyo. Nje ya ugo maji yalikuwa kimya. Akajipa moyo kwamba mamba hajaonekana siku nyingi upande ule. Kisha akaona Sikudhani na Tausi wanasogea pale pale, wanarushiana maji, migongo yao karibu iguse ugo.

"Sikudhani, toka," akasema. "Njoo nikusuke."

"Umenisuka jana."

"Toka, nimekwambia."

Hakuna aliyewahi kumsikia Somoe akimkaripia mwanawe, kwa hiyo wanawake wakageuka. Sikudhani naye alishangaa, akatoka akinung'unika, kanga imemganda mwilini. Tausi akabaki peke yake pale. Somoe alimtazama yule mtoto. Bado alikuwa na nafasi. Neno moja tu, tokeni, lingetosha. Lakini angelisema, angeulizwa kwa nini. Akamshika mwanawe mkono, akanyamaza.

Mnyonyo ukikatika hauna kishindo. Watu walisikia mlio mdogo, kama wa muwa kuvunjwa, kisha Tausi akazama.

Bi Nangoma, mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyefika kwanza. Aliruka majini na gongo, akampiga mamba puani pale alipopenyeza mdomo, akampiga tena na tena huku maji yakigeuka mekundu, na wanawake wamemshika Tausi mikono wanamvuta, mpaka mamba akaachia. Walimtoa mtoto akiwa hai. Mguu wake mmoja, chini ya goti, haukuwa mguu tena.

Wakambeba kumpeleka kwa waganga. Bi Nangoma hakwenda nao mara moja. Alikuwa ameona kitu kinaelea. Akakiokota, kipande cha mti kisicho na kitu ndani, na juu yake alama ya nyumba ya Somoe. Akaja nacho taratibu, nguo zinachuruzika.

"Ulimwita wako peke yake," akasema. "Kwa nini ulimwita wako peke yake?"

Somoe alipiga magoti kwenye tope akasema yote. Kijumba, nguzo, mnyonyo, kamba, na lile neno umekaa. Hakujitetea hata kidogo. Alipomaliza akamvuta mwanawe mbele ya watu, akamwomba naye aseme lake, aseme kuwa aling'oa, amwombe radhi bibi yake Tausi.

Sikudhani aliwatazama watu, akamtazama mama yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi sikusema umekaa," akasema. "Mama ndiye aliyesema. Na ile nguzo ni yangu, mama alinipa."

Na kila neno, jamani, lilikuwa kweli.

Hapo ndipo Somoe alipolia. Alilia kilio ambacho hakuwalilia hata aliowazika, kwa maana wale walichukuliwa na Mungu, na huyu aliyesimama hai mbele yake alimpoteza kwa mikono yake mwenyewe. Alijipiga kifua, akajigaragaza kwenye tope. Mtoto akamwambia anyamaze, watu wanawatazama. Basi akazidi kulia.

Bi Nangoma alisimama juu yake. Watu walitegemea matusi, na wengine walitegemea gongo. Yeye akasema kwa sauti ya chini tu, "Ulichelea mwana kulia, Somoe. Unaona sasa, unalia wewe." Akaenda zake kwa mjukuu wake.

Somoe aliinuka. Alimshika Sikudhani mkono mpaka nyumbani, akalivunja paa la kijumba, akaung'oa ule mti na kumtwika begani. Mtoto akautupa. Akafungua mdomo, sauti haikutoka, uso ukabadilika, akaanguka chini amekauka. Majirani wakapiga kelele, mwinue, mpepee, mpe anachotaka. Somoe alisimama, akauma upindo wa kanga yake, na hakuinama.

Pumzi ilirudi. Ilirudi yenyewe, na Somoe akajua kuwa siku zote ingerudi yenyewe.

Akamwambia mtoto auchukue mti. Walikwenda mtoni, mama akaushika usimame, mtoto akainua gongo huku analia. Lilikuwa zito kwake, likamponyoka mara nyingi. Kijiji kizima kilisikia mlio ule mchana kutwa, na harusini ngoma haikupigwa. Tausi naye aliusikia, amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa.

Mtaniuliza kama Sikudhani alikuja kuwa mtu mwema. Alikuja, lakini ilichukua miaka, na ilimgharimu mama yake kuliko ambavyo ingemgharimu siku ile ya kibuyu. Mguu wa Tausi haukurudi. Alitembelea fimbo mpaka uzee, na kila alipopita mbele ya nyumba ile Somoe aliacha alichokuwa akifanya, akajifunika uso kwa kanga. Watoto wadogo waliuliza yule mama ana nini. Wakubwa zao hawakuwasimulia kisa chote kama mimi ninavyowasimulia nyinyi, kwa kuwa Somoe alikuwa karibu na angesikia. Waliwajibu kwa kifupi tu: mchelea mwana kulia hulia yeye.