Nani Ampe Jina Binti wa Mbuke?

Sogeeni, ila mikono isilale. Kesi hii haina hakimu isipokuwa nyinyi.

Katika benki ya damu ya mji mmoja walifanya kazi watu watatu. Sikudhani alijua kufungua kilichofungwa. Bukuru aliona watu pale wengine walipoona maandishi. Ngwashi alijua njia ya mkato ya kila kitu, hata ya kwenda kula.

Asubuhi moja Mbuke alijifungua binti aliyepauka kama majivu. Mtoto alihitaji damu ya kundi O hasi, na kwenye jokofu haikuwemo.

"Mchana ukipita bila damu, sina la kuahidi," daktari alisema.

Wachangiaji walikuwapo, maelfu, ndani ya kompyuta. Lakini walijiandikisha kwa simu, na simu zilituma habari zao kwa mtindo wa JSON, kifurushi ndani ya kifurushi. Hifadhidata ya majedwali ilivipokea na kuvirundika vyote kwenye safu moja, kama nguo chafu kapuni. Ukiuliza nani ana O hasi, kapu halijibu.

Sikudhani akakaa. Akaiagiza kompyuta ichomoe jina, kundi la damu na mtaa kutoka kila kifurushi, kila kitu kikae kwenye safu yake. Jedwali likajipanga mbele ya macho yao. Lakini O hasi wa karibu hakuonekana.

"Basi tena," alisema Ngwashi.

"Ngoja, kaka," alisema Bukuru. "Kwetu simu ni ya nyumba. Baba akijiandikisha, nyumba nzima inaingia chini ya jina lake. Dada Sikudhani amewatoa wenye simu tu. Wenzao bado wamo ndani."

Akaiagiza kompyuta ifungue orodha ya kila kaya, kila mtu asimame kwenye mstari wake. Wake, mashemeji na bibi wakatoka kama kumbikumbi baada ya mvua.

Sasa wakawa wengi mno. Kompyuta ikapekua mstari mmoja mmoja, na mchana unakwenda.

"Umetuletea watu au mafuriko?" Sikudhani alimuuliza Bukuru.

Ngwashi akavuta kiti. Akatengeneza faharasa ya makundi ya damu na mitaa, kompyuta iende moja kwa moja kwa wanaotafutwa. Akauliza upya. Kabla hajainua kidole, jibu likatokea: Nyanzobe, mama mkwe wa mwenye simu, mtaa wa pili tu.

Nyanzobe alifika kwa bodaboda, unga mikononi. Damu yake ikapimwa, ikafaa, mtoto akaongezewa. Rangi ilipoanza kupanda kwenye midomo ya mtoto, daktari mwenyewe alisimama akitazama.

Sasa, kwa kina Mbuke, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina. Na jina ni moja.

"Mimi mniache," alisema Nyanzobe. "Damu hii ninayo tangu nizaliwe. Mpeni aliyeniona."

"Bila mimi kapu lingekuwa limefungwa mpaka leo," alisema Sikudhani.

"Ulifungua, ukamwacha bibi wa watu ndani," alisema Bukuru.

"Na wewe ulimtoa ukampoteza kwenye umati," alisema Ngwashi. "Mngempata kesho, mnazika."

Mbuke akamkumbatia mwanawe, akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua.

Haya, semeni nyinyi. Nani ampe mtoto jina, na hao wawili wengine mtawaambia nini usoni?