Bi Kindi na Tenga la Tembo

Sogeeni karibu. Na wewe unayemfinya mwenzako, acha, nakuona! Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walilima, wakapika na kugombana kama sisi, palikuwa na bonde lenye rutuba na mto wenye wazimu. Mvua ikinyesha milimani, mto ulifurika ghafla ukazoa kila kilichokuwa bondeni. Kwa hiyo akiba yote iliwekwa katika pango juu ya jabali, na mpandishaji alikuwa Tembo, kwani yeye tu aliweza kulisukuma jiwe la mlangoni.

Mwanzoni Tembo alipandisha mzigo mmoja mmoja. Wako ukichukuliwa, unajua uko pangoni. Lakini foleni, jamani! Watu walipanga mstari siku tatu, wengine mizigo ikawaozea mikononi.

Basi Tembo akaweka tenga kubwa chini ya jabali. Unatia mzigo, Tembo anasema, "Umefika!", yaani uhesabu mzigo uko pangoni, nawe unaenda zako. Tenga likijaa, anapanda mara moja na mizigo mia. Wote wakapiga vigelegele.

Bi Kindi naye alipiga, mwanzoni. Mwaka uliopita alitia mbegu zake, akaambiwa "Umefika!", akarudi nyumbani anaimba. Tenga lilikuwa nusu tu. Mto ukaja, vuuu, ukalibeba. Watoto wake watatu walilala njaa mwezi mzima, na yule mdogo asubuhi moja hakuamka.

Mwaka huu alisimama tena pale, mbele ya tenga jipya, ameshika kifuko cha kunde, mbegu za mwisho walizobaki nazo. Milimani mbingu ilikuwa nyeusi tii.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Nakuomba unipandishie hizi sasa hivi."

"Marahaba. Tia ndani. Umefika!"

"Umefika wapi, mzee? Si bado ninao mkononi!"

Ngiri, aliyekuwa amejilaza pembeni, akacheka. "We mama una wasiwasi! Wangu umo humo tangu juzi, na usingizi napata."

"Tenga bado nusu," Tembo akasema. "Nikipanda kwa kila anayeogopa wingu, nitafia njiani. Likijaa, nitapanda."

Kwa mbali pakasikika nguruuu, nguruuu. Bi Kindi akalitazama tenga, akatazama milima. Likijaa, amesema. Likijaa! Akatimua mbio na kifuko chake.

Alirudi anasukuma kwa kichwa furushi kubwa kuliko yeye. "La jirani yangu Nungunungu, mzee. Anaumwa."

"Umefika!"

Akaenda, akaja na jingine. "La Kobe. Kateguka mguu, maskini."

"Umefika!"

Akaleta jingine, na jingine. Kila akikimbia alisikia ule mngurumo umesogea, akatamani kulia, lakini akitokea mbele ya Tembo anatabasamu. Mwishowe tenga likajaa pomoni. Tembo akalinyanyua.

"Eh! Mbona jepesi hivi?"

"Jepesi kwako, mzee! Mwingine si angevunjika kiuno?"

Tembo akavimba kichwa, akaanza kupanda. Bi Kindi akarukia juu ya tenga. Ngiri naye akafuata nyuma akinung'unika, ahakikishe mzigo wake hauguswi.

Pangoni, Tembo akafungua furushi la kwanza. Sufi, ile pamba ya mti! La pili, sufi! Sufi tupu, ikapeperuka, ikamwingia mkongani.

"Chyaaa!" akapiga chafya. "Umenifanya mjinga, kijitu wewe!"

Akainua mguu. Kivuli chake kikamfunika Bi Kindi mzima. Kifuko hakukiachia.

"Nikanyage," akasema, "lakini kunde zangu ziko juu."

Mguu haujashuka, vuuuuu! Jabali likatikisika. Wote wakachungulia chini. Pale lilipokuwa tenga, na pale alipokuwa amelala Ngiri, palikuwa na maji mekundu yanayozungusha miti mizima mizima.

Ngiri akakaa kitako, meno yanagongana. Tembo akashusha mguu polepole, kando.

"Bi Kindi," akauliza kwa sauti ndogo, "mwaka jana niliwaambia wangapi 'Umefika'?"

Bi Kindi alikaa palepale kwenye sufi akalia.

Tenga halikutupwa, maana foleni ya siku tatu nani anaiweza? Ila toka siku hiyo ukitia mzigo, Tembo alikuambia, "Nimeupokea, lakini bado uko chini." Na aliyeleta mbegu alipandishiwa saa ileile, wengine wote wakingoja na kunung'unika, na Ngiri ndiye aliyewanyamazisha.

Basi wanangu, kitu usichoweza kukipoteza, usikiache njiani ukaenda kulala.